Macho Mawili kwenye Namba Kumi na Sita

"Niliona macho mawili," mlinzi alisema, kwa mara ya nne asubuhi ile. "Mawili, mwanangu, yanawaka. Nikapiga."

Inspekta aliweka kalamu mezani. Mzee aliyeketi mbele yake alikuwa amelinda mazizi ya shamba la maziwa kwa miaka kumi na tisa, na watu walimwita Kodo, kwa sababu katika miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumkuta amefumba macho akiwa zamu. Sasa alikuwa na siku nne hajalala, na hii haikuwa zamu. Usiku wa Jumatatu alikuwa amefyatua risasi moja akidhani anampiga mbwa mwitu aliyekuwa akimaliza ndama. Aliyeanguka alikuwa msimamizi wa shamba, mdogo wa mwenye shamba, kitinda mimba wa nyumba ile.

Mkuu wa kituo hakuwa na shaka hata chembe. Mwezi uliopita msimamizi alimgombeza Kodo mbele ya wakamuaji kwa ajili ya ndama aliyeliwa, akamwambia amechoka, arudi kwake akalee wajukuu. Basi, mkuu alisema, sababu ndiyo hiyo, bunduki ndiyo hiyo, na mwenye bunduki amekiri kupiga. Mnataka malaika ashuke aandike maelezo? Saa kumi jioni Kodo angepakiwa kwenye gari kwenda mahakamani kwa kosa la kuua kwa kukusudia. Kwa umri wake, hata miaka kumi ingekuwa ni kwenda na kutorudi.

Inspekta alikuwa ameomba aachiwe mpaka hiyo saa kumi. Pale kituoni walimwita Inspekta Kwa Nini, na si kwa mapenzi.

"Mzee wangu, risasi iliingia mgongoni, juu kidogo ya kiuno," alisema. "Mgongo una macho?"

Kodo alitikisa kichwa. "Hauna. Ndilo linaloninyima usingizi hilo. Mtu nimempiga mgongoni, na macho nimeyaona. Au ndiyo nimeanza kurukwa na akili?"

Kati yao, ndani ya mfuko wa nailoni, kulikuwa na darubini ya bunduki, ile ya kidijitali ya kuonea gizani, nzito na nyeusi, yenye kioo mbele na kiskrini kidogo nyuma. Inspekta aliigeuza polepole. Kitufe cha kukuzia picha kilikuwa kimezungushiwa utepe wa mafundi umeme, raundi tatu, hakiendi mbele wala nyuma.

"Nani amefunga hapa?"

"Msimamizi mwenyewe. Aliileta, akaifunga kwenye bunduki, akaniambia hii namba kumi na sita ndiyo kubwa, ndiyo yenye nguvu. Usiiguse mzee, utaivuruga. Nikasema sawa. Mimi na mambo ya kubofya-bofya wapi na wapi?"

"Akakuagiza nini kingine?"

"Sheria moja tu. Ukiona macho mawili, piga. Usipoona macho, tulia, huenda ni kichaka. Na niliifuata, Mungu shahidi yangu! Siku mbili tatu niliona kitu kinasogea pale kwenye hodhi la maji, kama gunia hivi. Hakina macho. Nikatulia."

"Hukujua watu huenda hodhini usiku kufunga maji?"

"Zamani, ndiyo. Kaka mtu, mwenye shamba, alikuwa anakwenda kila saa tano usiku. Lakini msimamizi aliniambia wameweka koki ya kisasa, inajifunga yenyewe, hakuna mtu atakayekwenda tena."

Inspekta aliandika maneno hayo, akayapigia mstari mara mbili. Jana alikuwa amelikagua hodhi lile kwa mikono yake. Koki ilikuwa ya chuma, kuukuu, ya kuzungushwa mpaka mishipa ya shingo ikusimame.

"Una hakika ni yeye aliyekuambia? Si kaka mtu?"

"Mwanangu, nina miaka sitini na sita, lakini sauti ya mtu naijua."

Mlangoni alikuwa anamngoja konstebo mmoja mrefu, mrefu mno, ndiyo maana wakamwita Ngazi. Inspekta alimkabidhi ule mfuko. "Peleka kwa watu wa alama za vidole. Waubandue utepe taratibu, nataka alama za upande wa gundi. Nina haraka, waambie, na waambie hivyo hivyo kwa uso wako huo wa msiba."

"Inspekta, si tunajua aliyepigwa ni nani na aliyepiga ni nani?"

"Tunajua. Twende tukajue mengine."

Risiti ya darubini, waliyoikuta ofisini kwa shamba, ilikuwa na namba ya simu ya kaka mtu. Hapo akili ya Inspekta ikaenda kwa kaka mtu moja kwa moja, na nani angemlaumu? Shamba liliandikwa kwa jina la kaka mtu tangu baba yao alipofariki. Ndugu hao wawili walikuwa wanavutana miezi sita juu ya kuliuza, mkubwa anataka, mdogo hataki katakata, na hati zilikuwa zisainiwe wiki ile ile. Mdogo sasa yuko kaburini. Ukiwa mpelelezi wa miaka ishirini na mbili, hesabu kama hiyo unaifanya hata ukiwa unapiga mswaki.

Duka la Fundi Lenzi lilikuwa ghorofa ya kwanza, kati ya mshona viatu na mtengeneza saa. Kabati zilikuwa za kioo, zimejaa darubini za kila namna, na kila moja ilikuwa na kikaratasi kidogo chenye namba. Fundi mwenyewe alikuwa mtu mfupi mwenye miwani mbili, moja machoni, nyingine juu ya paji la uso, na bado alikuwa anatafuta ya tatu. Aliitazama risiti, akashusha darubini nyingine pacha kutoka kwenye rafu.

"Ndiyo hii. Kwenye kioo ina nne. Inakuza mara nne, basi. Hizo nyingine, mpaka kumi na sita, ni za kompyuta yake."

"Nieleze kama unamweleza mtoto."

"Una simu? Piga picha ile kalenda ya ukutani. Sasa ivute kwa vidole. Vuta tena. Vuta. Unaona nini?"

"Viboksi."

"Eeh! Kioo kikikuza, kinakusogezea kitu. Kompyuta ikikuza, inanyoosha kile kile ulichokwisha kukipata, haiongezi hata punje. Mtu wa hatua sitini, ukimweka kwenye kumi na sita, anakuwa doa. Na pembeni pote unapapoteza, ni kama kuchungulia tundu la ufunguo, hujui kushoto kuna nini wala kulia. Kwa zizi, kwa hatua sitini, nne inatosha na kubaki. Lakini wateja wangu, Inspekta! Wote wimbo mmoja, nipe yenye namba kubwa. Utadhani wananunua viatu vya kukulia."

Inspekta alicheka kidogo, kwa adabu. "Na huyu mteja? Naye alitaka namba kubwa?"

Fundi aliacha kufuta kioo. "Huyu hapana. Huyu aliuliza vizuri kuliko wote. Nilimpenda. Alikaa hapo ulipokaa, saa nzima. Akaniuliza, kwa hatua sitini, ni namba ipi ambayo mtu hatambuliki tena kuwa ni mtu?"

Chini mtaani pikipiki ilikuwa inakataa kuwaka, inakohoa tu. Inspekta alifungua daftari.

"Aliuliza hivyo? Kwa maneno hayo?"

"Kwa maneno hayo."

"Na wewe ukamjibu?"

"Nilimjibu, ndiyo! Nilijua anataka aiepuke. Mtu mwangalifu, nikasema. Nikafunga mapazia, nikamsimamisha fundi viatu mwisho wa korido, nikamwonyesha. Kwenye nne, mtu, mpaka masharubu yake. Kwenye nane, mtu, lakini humjui ni nani. Kwenye kumi na sita hakuna mtu. Kuna kitu tu." Fundi alirudia kufuta kioo. "Akaniuliza, na mnyama je? Nikamwambia mnyama utamjua kwa macho. Darubini ina taa yake, mwanga ambao sisi hatuuoni, na macho ya mnyama yanaurudisha. Nikamwonyesha kwa kipande cha rifleketa, kile kitambaa cha kwenye fulana za waendesha pikipiki. Nacho kinang'aa vile vile."

"Akasemaje?"

"Akakinunua. Nusu mita."

Inspekta alitoa picha kwenye bahasha. Ilikuwa ya ndugu wawili, wamesimama mbele ya mazizi, wamekumbatiana mabega. Aliiweka juu ya kioo, kidole chake kikiwa kimeshajiandaa kumgonga kaka mtu kifuani. "Ni yupi?"

Fundi hakusita. "Wa kulia. Huyu mwenye kicheko."

"Tazama tena."

"Inspekta, mtu aliyekaa dukani kwangu saa nzima? Ni huyu. Alisema risiti niandike namba ya kaka yake, kwa kuwa manunuzi ya shamba yako kwa jina la kaka."

Inspekta alikunja kidole chake. Mtu wa kulia ndiye aliyekuwa na tundu mgongoni.

"Fundi," alisema, "huyu alizikwa juzi."

"Ala! Amekufaje?"

"Kwa namba kumi na sita."

Fundi Lenzi alivua miwani zote mbili, akakaa chini kwenye sanduku la bidhaa mpaka Inspekta alipofika kwenye ngazi. Hapo ndipo alipoita kwa nyuma, "Lakini mimi nilimfundisha tu! Aliuliza nikamfundisha!"

Saa saba kasoro robo, Ngazi alirudi na darubini, na majibu. Alama za vidole kwenye utepe, nje na upande wa gundi, zilikuwa za mtu mmoja. Marehemu. Kidole cha Kodo hakikuwahi kufika pale.

"Lete koti la marehemu kutoka stoo ya vielelezo," Inspekta alisema. "Na maturubai. Tunakwenda ghalani."

Ghala la nyuma ya kituo lilikuwa tupu, refu, la bati. Walifunika madirisha kwa maturubai, wakaziba na ufa wa chini ya mlango kwa magunia, mpaka mchana ule ukawa giza la kuweza kugongana vichwa. Inspekta alihesabu hatua sitini kwa sauti. Kisha akamwambia Ngazi apige magoti mwisho kule, ainame kama mtu anayezungusha koki, nailoni mgongoni na koti juu ya nailoni.

"Inspekta, hili ni koti la maiti."

"Hukuambiwa ulirithi. Inama."

Aliiweka darubini juu ya meza, akageuza kitufe mpaka kumi na sita, akasogeza jicho. Kwanza aliona kijivu tu, kijivu juu ya kijivu, kikitambaa kama maziwa yaliyokatika. Akasogeza kushoto kidogo.

Macho mawili yalimtazama.

Aliruka nyuma mpaka kiti kikaanguka. "Mama yangu wee!"

"Nini? Kuna nini?" Ngazi alipiga kelele kule gizani.

"Usisogee! Kaa hapo hapo!"

Alijua kule mwisho yuko Ngazi, alimweka mwenyewe, alihesabu hatua mwenyewe, na bado mwili wake ulikuwa umeona mnyama. Akarudisha jicho. Yalikuwa bado yapo, meupe, ya duara, yametulia, na chini yake doa la mwili uliojikunyata. Laiti angekuwa na bunduki na ndama wa kulinda, asingejiuliza mara mbili.

Akageuza kitufe kurudi nne. Mnyama akatoweka palepale. Alikuwepo Ngazi, soli za viatu vyake, mkono wake ukijikuna mbavu, na kiunoni kwenye koti vipande viwili vidogo vinameremeta.

Walifungua maturubai, wakaliweka koti mezani kwenye mwanga. Lilikuwa la kijivu, na vile vipande vilikuwa vya kijivu pia, vya duara, vidogo kama kifuniko cha chupa, hivyo kila mtu aliyelishika tangu Jumatatu alidhani ni viraka. Tundu la risasi lilikuwa katikati yao, juu kidogo, mahali ambapo mbwa angekuwa na paji la uso. Mzee Kodo alikuwa amelenga vizuri sana.

"Basi alitaka kufa," Ngazi alisema kwa sauti ndogo. "Alinunua darubini mwenyewe, kafunga namba mwenyewe, kavaa macho mwenyewe. Amejiua kwa mkono wa mzee wa watu. Jamani, binadamu!"

"Mtu anayetaka kufa hana haja ya kumdanganya mlinzi kuwa hakuna atakayekwenda hodhini. Huo ni mtego wa mtu mwingine, Ngazi. Wa yule anayekwenda kila saa tano."

"Kaka mtu?"

"Kaka mtu."

"Wanasema mtego wa panya hunasa waliokuwemo na wasiokuwemo."

"Huu umemnasa mtegaji, na mtegaji hakuwa mjinga. Alijua bila macho hapigwi. Kwa nini avae macho?" Inspekta aliinamia ule mshono. Uzi mwekundu, tundu kwa tundu, mdogo mdogo na umenyooka, kazi ya mtu aliyeshona maisha yake yote. "Hakuvivaa. Alivalishwa. Washa gari."

Saa nane na nusu walikuwa wanabisha hodi nyumbani kwa mwenye shamba. Kaka mtu aliwapokea akiwa amejifunika blanketi kwenye kiti cha mkono, homa ya Jumatatu ilikuwa bado haijamtoka vizuri, macho mekundu kwa kilio. Mkewe aliwaletea maji, akakaa karibu na cherehani yake. Alikuwa mama mnene, mpole, mwenye vidole vyepesi visivyojua kukaa bure. Hata alipokuwa anawapa pole ya safari alikuwa anaokota vipande vya nyuzi kwenye sketi yake.

"Yule mzee wanamhukumu lini?" kaka mtu aliuliza kabla hawajameza maji. "Nilikwenda kituoni jana, nikamtemea mate. Sijutii. Miaka kumi na tisa anakula kwetu!"

Inspekta aliweka glasi chini. Alikuwa anatazama nyuma ya mlango, kwenye msumari. "Lile koti ni la nani?"

"Langu. Zawadi ya marehemu."

Inspekta alilishusha, akaligeuza. Kiunoni, vipande viwili vya duara, umbali ule ule. Lakini hapa uzi ulikuwa mweusi na mishono imepinda, mmoja mrefu, mmoja mfupi, kazi ya mtu anayejichoma sindano.

"Hivi alishona nani?"

"Mwenyewe, masikini," mke alisema. "Alikuja kuniazima sindano. Nikamwambia shemeji lete nikushonee, akakataa, akasema zawadi lazima itoke mkononi mwake. Alisema ni usalama wa kaka yake, kwamba akiinama pale hodhini, mlinzi ataviona viking'aa na atajua ni mtu wa nyumbani."

"Na Jumatatu, kwa nini alikwenda marehemu badala ya mzee hapa?"

"Homa," kaka mtu alisema. "Nilikuwa siwezi hata kukaa."

"Mimi ndiye niliyempigia simu," mke akasema. "Nikamwambia, shemeji, kaka yako yu hoi, maji yanamwagika, leo nenda wewe. Akanyamaza kidogo. Halafu akasema haya shemeji, nakwenda." Machozi yalianza kumtiririka. "Ningejua ningekwenda mwenyewe, wallahi."

Inspekta alikuwa na koti la marehemu ndani ya mfuko, miguuni pake. Alitamani kutolitoa, tuseme kweli. Alilitoa.

"Na hivi vya hapa?"

Mke alifuta macho kwa kiganja, na kwa mara ya kwanza uso wake ukapata nuru kidogo. "Umeviona? Ni mimi. Koti lake aliniletea Jumapili nilitengeneze, mpasuo wa nyuma umechanika. Nikajisemea, huyu anamfikiria kaka yake, na yeye nani anamfikiria? Kitambaa kilichobaki alikiacha kwenye kopo langu la nyuzi. Nikapima kwa lile la mume wangu, ukubwa ule ule, mahali pale pale. Hata sikumwambia. Nilitaka aje aone mwenyewe siku moja, acheke." Akarudia kuokota nyuzi kwenye sketi. "Ila havikumsaidia. Yule mzee aliviona, na bado akapiga. Ndiyo maana mimi nasema alikusudia."

Ngazi aligeuka akatazama dirishani. Inspekta aliweka makoti mawili mapajani, moja juu ya jingine.

"Mama, mzee aliviona, kweli. Lakini aliambiwa kwamba hayo ni macho ya mbwa mwitu. Darubini yake ilifungwa kwenye namba ambayo mtu haonekani, yanaonekana macho tu. Akaambiwa hakuna mtu atakayekwenda hodhini. Akaambiwa, ukiona macho mawili, piga."

"Nani alimwambia?" kaka mtu akauliza.

"Aliyeinunua darubini. Aliyeifunga namba hiyo kwa utepe. Alama za vidole tumezikuta." Inspekta alinyanyua lile koti la uzi mweusi. "Aliyekuletea hili."

Mke ndiye aliyefika kwanza. Ilionekana usoni, jinsi damu ilivyomshuka. Alitazama vidole vyake, vyote kumi, kama vya mtu mwingine.

"Mimi," alisema. "Basi ni mimi. Nimemshona mimi! Nimemuua mtoto wa watu kwa uzi wangu!"

"Mama, ulimshonea usalama. Ndivyo ulivyoambiwa kuwa ni usalama."

"Usiseme hivyo! Usiseme!" Alikuwa amejishika kichwa kwa mikono miwili, anayumba mbele na nyuma. "Shemeji yangu! Nilimlea huyu! Alikuja nyumba hii hajui hata kujifunga kamba za viatu!"

Kaka mtu alikuwa bado. Alikuwa anatingisha kichwa polepole. "Hapana. Hapana, Inspekta, umechanganya mafaili. Mdogo wangu?"

"Hati za shamba zilikuwa zisainiwe lini?"

"Ijumaa." Blanketi lilimteleza begani na hakuliokota.

Inspekta alisimama, akatoka barazani, akampigia mkuu wa kituo. Saa ya mkononi ilisema tisa na robo. "Afande, mzee Kodo asipakiwe. Narudia, asipakiwe kwenye gari."

"Kwa nini?" mkuu akafoka.

"Kwa sababu hakuua kwa kukusudia. Aliyekusudia tumemzika." Akaeleza kwa ufupi, darubini, utepe, fundi, makoti. Kisha mkuu akasema, kwa sauti ambayo hakuwahi kuisikia kwake, "Lo! Mtoto wa baba mmoja, mama mmoja?" Halafu akamwita mtu, akamwambia amtoe mzee mahabusu, ampe kiti na chai.

Aliporudi ndani, lilikuwa limebaki jambo moja tu la kuandika. Hakulipenda, lakini jalada lisingekamilika.

"Samahani, mzee. Koti ulipewa lini?"

"Jumapili. Ile ya kabla yake."

"Siku nane kabla ya tukio. Na hodhini ulikwenda kila usiku?"

"Kila usiku, mpaka homa iliponikamata."

"Mlinzi alikuwa pale kila usiku, namba ile ile, sheria ile ile. Kwa nini hukupigwa?"

Kaka mtu alimtazama mkewe, kisha akatazama chini, kwa aibu, kama mtu aliyekamatwa na kosa dogo.

"Sikulivaa. Linanibana kwapani. Sikulivaa hata siku moja." Alivuta ncha ya blanketi. "Lakini yeye sikumwambia, angeumia moyo. Kila asubuhi alikuwa anakuja hapa, kabla hata ya chai, anasimama pale mlangoni. Ananiuliza, kaka, jana ulivaa koti? Namjibu nililivaa. Ananitazama, ananitazama, hasemi neno, anaondoka. Kesho yake tena. Kaka, ulivaa koti? Nililivaa, mdogo wangu."

Mkewe alikuwa ameacha kulia. Alikuwa anamsikiliza mdomo wazi.

"Asubuhi nane," kaka mtu alisema. "Akishaondoka namgeukia mke wangu, muulize kama nasema uongo, namwambia, umeona? Hakuna mtu duniani anayenipenda kama huyu."